Barua kwa mwanangu anayemuuguza mama mkwe

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kama umekuwa mtu mbaya, kwa sababu mama mkwe wako akikuita usiku hasira inatangulia huruma, na mchana unamwosha na kumlisha huku moyo umekauka. Hapana, mwanangu. Umemuuguza mgonjwa wa kiharusi mwaka mzima, usiku na mchana, bila mtu wa kukupokea. Asiyelala huishiwa huruma hata kwa mtoto wa kumzaa. Ndiyo maana nitaanza na usingizi.

Ila kwanza utambue ulichonacho. Uchovu wa kawaida huondoka ukilala vizuri siku mbili tatu. Uchovu wa kuuguza hauondoki hivyo: unaamka umechoka, unamsikia anaita kumbe yuko kimya, unakwepa kumtazama usoni, mikono inakuwa mizito unapomgeuza, na wanaokuja kumjulia hali wanakukera. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linaitambua hali hii kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona huiwezi tena. Wao waliiandika kwa ajili ya watu walioajiriwa, na mwajiriwa angalau ana saa ya kutoka kazini. Sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, ni jambo jingine. Hiyo inakufuata hata ukiwa sokoni, mbali na mgonjwa. Wiki mbili zikipita hufurahii chochote, hata wanao, nenda hospitali. Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru yeye, usingoje hizo wiki mbili: mwambie mumeo siku hiyo hiyo, mgonjwa aachiwe mtu mwingine, akupeleke.

Sasa usiku. Kwa siku tatu andika kwenye daftari anakuamsha saa ngapi na kwa shida gani. Ikiwa ni mkojo, tazama dawa zake za presha. Baadhi hufanya kazi kwa kutoa maji mwilini, na zikimezwa jioni zitamkojoza usiku kucha. Beba vidonge vyote kwa daktari, umuulize kama hicho cha kukojoza kinaweza kuhamia asubuhi, usikihamishe mwenyewe. Maji ya siku nzima usimpunguzie, maana yakipungua huleta maambukizi ya njia ya mkojo na choo kigumu. Mpe mengi asubuhi na mchana, kisha kidogo tu saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Kama si mkojo unaomwamsha, uliza habari ya choo kikubwa (siku tatu bila kwenda humnyima mtu utulivu), chunguza bega la upande uliopooza kama linauma, na angalia anavyosinzia mchana. Mtoe barazani asubuhi apate mwanga. Lakini akibadilika ghafla, akaanza kuweweseka au asimtambue mtu, hilo si la kuvumilia nyumbani. Huenda ni maambukizi au kiharusi kipya. Apelekwe hospitali papo hapo.

Ulifundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili, na mchana uendelee hivyo. Usiku, kama godoro lake ni zuri na ngozi ni nzima, muulize muuguzi kama mnaweza kufikisha saa nne, maana saa nne mfululizo zitakupa usingizi wa kweli. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo gusa kwa kiganja: mfupa wa mkia, nyonga, visigino. Palipo na joto, ugumu, au weusi kuliko pembeni yake pameanza kuumia. Hapo rudi kwenye saa mbili, wala usipasugue. Na usimvute kwa mkono uliopooza, bega litachomoka. Mkunje goti la upande wa mbali, shika bega na nyonga, mgeuze kwa pamoja akuelekee. Kumpandisha juu kitandani ni kazi ya watu wawili na shuka lililokunjwa chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani. Mgongo wako ukiumia, utaichukia kazi hii kuliko sasa.

Hasira ikipanda, usimlishe. Kijiko cha mtu mwenye hasira huenda haraka, na mgonjwa wa kiharusi hupaliwa kwa urahisi, chakula kikaingia mapafuni. Mlaze ubavu, weka mito asianguke, toka nje dakika kumi. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara kadhaa. Kisha rudi. Matusi yake na kile kilio kisicho na sababu mara nyingi ni kazi ya ubongo ulioumia, wala hakutukani kwa sababu amekuchukia. Nafahamu kulijua hilo hakuondoi uchungu, na mzazi mwenzangu niliyemfahamu mcheshi nami namlilia.

Linalobaki ni la ukoo, na hapa ndipo wengi hukwama. Ukisema "nisaidieni" watakuitikia wote, na hatakuja mtu. Mwambie mumeo awaite nduguze, kila mmoja apewe siku na saa: wifi yako Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, shemeji wa mbali atume fedha za msaidizi wa siku mbili kwa wiki na nepi za watu wazima. Mumeo naye achukue usiku miwili. Ni mama yake. Uzito wote umeachiwa wewe kwa sababu wewe ndiye mke wa nyumba, na hilo mimi silikubali.

Mgonjwa atamkataa mgeni mwanzoni. Mara mbili za kwanza fanyeni kazi pamoja na huyo mgeni, aone unavyomkalisha wima kula, na kumwacha wima nusu saa baadaye. Mara ya tatu uondoke. Uondoke kweli, maana ukibaki utaishia kumpikia aliyekuja kukupumzisha. Muachie karatasi ya dawa na saa zake, na simu ya zahanati. Zile saa sita usizimalize kwa kufua. Lala kwanza.

Mpango ukishakaa, nitumie. Siku itakayokosa mtu niandike mimi.

Mama yako