Baa iko ufukweni lakini ndani giza kama stoo

SWALI: Habari za kazi mshauri. Nina kibaa changu kipo ufukweni kabisa, upande wa mbele wote ni kioo kinatazama bahari, sasa mchana mtu akiingia anaona giza tu mpaka macho yazoee, wengine wanaishia mlangoni wanageuza. Fundi ananiambia nibandike vioo vya kujitazamia ukuta mzima wa nyuma, dari iwe ya kung'aa na kaunta niifunike stenlesi. Si itapendeza, au nitaharibu?

JIBU: Ndugu yangu, mwambie fundi asubiri kwanza. Hilo giza halitokani na uchache wa taa, ni bahari yenyewe, mwanga wa nje ni mkali mno mboni ya jicho inajibana, ukigeukia ndani kila kitu cheusi. Kwa hiyo kazi yako ni kupunguza tofauti ya nje na ndani, na hapo rangi itakusaidia kuliko kioo. Ukuta wa nyuma na dari piga nyeupe au krimu isiyong'aa, nasisitiza isiyong'aa, maana hiyo inatawanya mwanga kila upande, wakati kitu cha kung'aa kinaurudisha upande mmoja tu, na upande huo ukiwa ni macho ya mteja ndo umeshamfukuza.

Vioo weka, ila kuta za pembeni, siyo kutazamana na bahari. Hapo hata aliyekaa kona ya mwisho anaipata bahari bila kumulikwa usoni. Kabla hujanunua chukua kioo kidogo, mtu akishike pale ukutani, wewe zunguka ukae kila kiti, na urudie jua likiwa chini. Na ukishawishiwa paneli ya kung'aa iliyobonyea kwa ndani kataa, mwaka 2013 pale London jengo la 20 Fenchurch Street lenye vioo vilivyopinda hivyo lilikusanya jua likayeyusha vipande vya gari lililopaki chini, sitanii.

Stenlesi sawa, ila uliza namba ya aina yake. 304 ndo ya kawaida, kwa hewa ya chumvi inaota madoa ya kahawia, 316 imechanganywa na metali iitwayo molibdeni, inavumilia zaidi, japo nayo inataka kufutwa kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Chagua yenye mistari mistari, ile laini kama kioo kila kidole kinaonekana. Vioo navyo zibeni kingo vizuri, unyevu ukiingia nyuma vinaanza kuwa vyeusi.

Usiku ndo wengi wanachemka. Nje kukiwa giza na ndani taa zinawaka sana, kile kioo cha mbele kinageuka kioo cha kujitazamia, mteja kalipa aone bahari anajiona yeye na balbu zako zinaning'inia mara mbili. Taa zifiche chini ya kaunta na nyuma ya rafu za chupa, mwanga wa njano kelvini 2700 hivi (ndo kipimo cha rangi ya mwanga), na swichi ya kupunguza usiikose.

Halafu kama kasa wanataga hapo ufukweni, usiache mwanga wowote utoke kwenda mchangani, vitoto vyao vikianguliwa vinafuata kunakong'aa, vinakuja kwako badala ya kwenda majini.