Usimwanzie Bartholomew Kuma kwenye Machozi

Nimemharibia mpwa wangu utamu wa Bartholomew Kuma, jitu la katuni ya Kijapani iitwayo One Piece, na sidhani kama kuna namna ya kulirekebisha hilo. Naandika ili wewe usimharibie wa kwako.

Ilikuwa 2025, One Piece ilipofika pale inaposimulia maisha ya Bartholomew Kuma. Simu zilijaa vipande vya video vya watu wazima wakilia mbele ya kamera zao. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, akaviona, akanijia na flashi: "Mjomba, niwekee ile ya Kuma." Hakukosea mlango. Enzi za diski nilikuwa na kibanda Tanga, baadaye zikaja flashi, nikawa narusha muvi, sizoni na katuni, na One Piece sijaiacha tangu wakati huo. Ningeweza kumwambia hii haifunguliwi katikati. Lakini mtoto kakuomba kitu unachokijua kuliko wote ukoo mzima, utakataa? Nikajiona bingwa. Nikamchagulia episodi za simulizi ile peke yake, zile elfu na ushee zilizotangulia nikaziruka, nikamkabidhi flashi yake kama mganga anayekabidhi dawa.

Baada ya siku mbili akarudi. "Inahuzunisha, Mjomba. Ila sijaelewa watu wanalia nini vile."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimempa jibu la swali ambalo hajawahi kujiuliza.

Nikutahadharishe kabla sijaendelea. Kama hujamwona Kuma na unakusudia kumwona, soma tu, nitakwambia pa kusimama.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna elimu moja ya utotoni: kuna steringi na kuna adui. Steringi hafi. Adui anajulikana kwa sura, kwa kicheko, hata kwa muziki unaotangulia kabla hajatokea. Aliyechelewa kuingia alikuwa na swali moja tu, "Steringi yupi?", akishaonyeshwa alikuwa tayari kushangilia na kuzomea sawa na aliyelipa tangu mwanzo. Eiichiro Oda, aliyeanza kuichora hadithi hii mwaka 1997, amemtengeneza Kuma kwa ajili ya kumwaibisha mtu wa aina hiyo. Ukichelewa kuingia, ukaambiwa tu "huyo ni mtu mwema, mwonee huruma", utamwonea huruma kweli, lakini aibu hutaionja. Na utamu wa Kuma, kama utamu ndiyo neno lenyewe, uko kwenye aibu ile.

Kwa asiyemjua: ni jitu la sentimita 689, karibu mita saba. Kuma kwa Kijapani ni dubu, na kofia yake ina masikio ya dubu. Kwapani au mkononi hakosi Biblia. Hacheki, hafoki, uso wake haubadiliki. Ni saibogi, mtu aliyetiwa mashine mwilini kiungo kwa kiungo na mwanasayansi wa serikali, Dakta Vegapunk, hadi akawa anatema miale ya moto mdomoni. Yumo katika kundi la maharamia saba waliopewa kibali na Serikali ya Dunia ili wawapige maharamia wenzao. Lakabu yake ni Dhalimu.

Ushauri wangu wa kwanza: anza episodi ya 1. Huwezi? Nakuelewa, bando si mchezo. Basi anzia sehemu ya Thriller Bark, episodi ya 337 hadi 381, kisha visiwa vya Sabaody, 385 hadi 405. Tazama vita ya Marineford, 457 hadi 489, halafu 517 hadi 522 kundi la Luffy, haramia ambaye ndiye steringi wa hadithi hii, linaporudi Sabaody. Ongeza mkutano wa wafalme, 878 hadi 889, maana utamwona Kuma katika hali ambayo hukuitegemea. Ndipo uingie sehemu ya Egghead, yenye simulizi ya Kuma, inayoanzia 1089, iliyoonyeshwa Januari 2024. Wajuzi watanirushia mawe kwa kuiruka sehemu nzima ya Wano. Warushe tu. Na zile dakika za mwanzo za kila episodi, wimbo pamoja na marudio ya jana, zipeleke mbele bila huruma. Toei, studio inayoitengeneza katuni hii, wanajua kurefusha supu.

Wa pili: usimtafute mtandaoni. Andika jina lake mara moja tu, na mstari wa kwanza utakaokutokea utakueleza mambo ambayo mwandishi aliyaficha kwa miaka zaidi ya ishirini.

Wewe ambaye hujaiona, simama hapa. Tuonane ukimaliza.

Tuliobaki tuzungumze. Mimi Kuma nilimjua kwa chuki. Diski yangu ya Thriller Bark ilikuwa ya kunakili, yenye mikwaruzo, na katikati ya episodi ya 377 ilikuwa ikiganda. Luffy na wenzake wamepigana usiku kucha, wako hoi, na jitu hili linakuja kudai kichwa cha Luffy. Zoro, mpiga panga wa Luffy, anatoa chake badala yake. Kuma anamgusa Luffy, anamtoa maumivu na uchovu wote mwilini, vinakuwa povu jekundu lenye umbo la kiganja cha dubu, kisha anamwambia Zoro: kama unataka kufa kwa niaba yake, pokea haya. Zoro anaonja kidogo, anaanguka akipiga kelele. Halafu anaomba yote.

Nilimchukia kwa povu lile. Kuua ni kuua, tumeshazoea, lakini mtu anayeyachukua maumivu ya mwenzako akakutengea kama chakula, huyo ana roho gani?

Miaka mingi baadaye, kwenye simulizi ya zamani, tunapelekwa kanisa dogo katika ufalme wa Sorbet, Kuma akiwa kijana na mchungaji. Wazee wanakuja na migongo na magoti yao. Anawagusa, maumivu yanatoka katika povu lilelile, wazee wanaondoka wanatembea vizuri. Wakishakwenda, anajifungia na kuyapokea yeye mwenyewe, yote.

Niliizima kompyuta. Si kwa sababu ya huruma. Nilikuwa nimekumbuka povu la Zoro. Kile nilichokiita mateso kilikuwa kazi yake ya kanisani, kazi aliyoizoea, na Zoro alikuwa mtu wa kwanza tuliyemwona akifanya kile alichokuwa akikifanya Kuma siku zote. Sasa niambie, mtoto aliyeanzia kanisani atakumbuka nini? Kwake ni mchungaji mwema na mapovu.

Kwa hiyo ukimtazama Kuma, tazama mikono. Uso hautakwambia kitu, mikono ndiyo inayosema. Tunda alilokula limempa viganja vya dubu vinavyosukuma chochote kinachoguswa: hewa, risasi, maumivu, watu. Huvua glavu kwanza. Anauliza, ungesafiri ungependa kwenda wapi? Kisha anakugusa, unatoweka, unaruka angani siku tatu mchana na usiku. Sabaody ndipo anapowafuta watu wa Luffy mmoja baada ya mwingine, akianza na Zoro, na Luffy anabaki wa mwisho, amejikunja chini, analia kwamba hakuweza kumwokoa hata mmoja. Nimeonyesha watu wengi episodi ile ya 405 na sijaona aliyekaa vizuri kwenye kiti. Inachukua muda ndipo tunapoanza kuhesabu walikotua. Nami kaangukia kwa wataalamu wa hali ya hewa. Chopper kaangukia kisiwa cha mitishamba. Franky, naye saibogi, kaangukia nyumbani alikozaliwa Vegapunk. Zoro kaangukia kwa mpiga panga hodari kuliko wote duniani. Hakuna upepo unaotupa watu kwa usahihi huo.

Na baada ya pale, Kuma anakwisha. Marineford tunaambiwa akili yake imeshaondolewa, kilichobaki ni mtambo wenye namba, PX-0. Rafiki yake wa zamani Ivankov anamwita na hapati jibu. Kabla hajakwisha aliomba jambo moja, aachiwe amri ya kuilinda meli ya Luffy hadi mmoja wao arudi. Akailinda miaka miwili, amesimama, amejaa majeraha, bila kujua anailinda kwa nini.

Kuhusu lakabu nitasema kidogo. Dhalimu alipewa baada ya kumwondoa mfalme Bekori aliyekuwa akiwanyonya watu wa Sorbet. Wananchi wakamtaka Kuma awe mfalme. Bekori aliporudi na meli za kivita, Kuma akazizamisha, na dunia nzima ikatangaziwa kwamba kuna mfalme katili. Mtaani kwetu palikuwa na mzee tuliyemwita Mkoloni. Simkumbuki aliyeanza kumwita hivyo, na nikitafuta alichotufanyia sikipati.

Hapa ndipo ninapogombana na mashabiki wenzangu. Baada ya simulizi ile, wamemfanya Kuma mtakatifu. Ukitia neno unaambiwa huna moyo. Mimi nasema, ukimsafisha hivyo umempoteza kwa upande wa pili, sawasawa na nilivyompoteza mimi kwa chuki.

Tazama alichokifanya. Bonney, mtoto aliyemlea kama wake, mtoto wa Ginny, rafiki yake wa tangu utotoni, ana ugonjwa unaogeuza ngozi kuwa kama jiwe la buluu akiguswa na jua. Ameambiwa hatavuka miaka kumi. Vegapunk anaweza kumtibu, na anachotaka ni ruhusa ya kutengeneza nakala za mwili wa Kuma. Halafu Saturn, mmoja wa wazee watano wanaoitawala dunia ile, anaongeza masharti: uwe haramia wa serikali, ugeuzwe silaha, mwisho wake akili na utashi wako vizimwe. Kuma anakubali. Baba gani asingekubali?

Lakini nakala zile, Pacifista, hazikuwa sanamu za makumbusho. Zilitumwa kuua. Pale Sabaody, kabla Kuma mwenyewe hajafika, ni nakala zake mbili zilizowachakaza kina Luffy hadi wakawa hawana pa kukimbilia. Aliyewaokoa na aliyewatia kwenye janga lile walikuwa na uso mmoja. Na Kuma alikuwa mwanamapinduzi aliyeipinga serikali ile, alijua kabisa wale wanaotengeneza silaha zile watazielekeza kwa nani. Aliuza mwili wake, sawa, mwili ni wake. Waliokufa mbele ya nakala hawakuulizwa. Na wao walikuwa na watoto.

Sina hukumu ya kutoa juu ya hilo. Nimelizungusha kichwani mara nyingi, hasa nikiwa na watoto wa dada yangu, na kila mara naishia palepale: ningefanya kama yeye, na ningekuwa nimekosea. Ushauri wangu ni kwamba ukimaliza simulizi, usikimbilie kuandika sifa. Rudi Sabaody, zitazame zile nakala, halafu uone kama bado unaweza kuzishangilia.

Nirudi kwa mpwa wangu. Nilimwomba radhi, akashangaa, hakujua nimemkosea. Nikamwambia kwamba mdogo wake wa kike, aliye darasa la tano, hajaona chochote, na kwamba safari hii tutafuata mstari, Thriller Bark kwanza. Sharti lilikuwa moja: yeye anayejua asifungue mdomo.

Tulikaa likizo nzima ya Juni sebuleni kwa dada, kompyuta juu ya stuli, mimi nikisimamisha na kutafsiri maandishi kila yanapomshinda mtoto kasi. Kwenye povu la Zoro, kaka mtu aliinuka akaenda kunywa maji. Alipokaa tena alikuwa amesogea karibu na kioo, na tangu hapo akawa haangalii kitu kingine ila mikono. "Mjomba," alininong'oneza siku ya Sabaody, "kavua glavu." Nikamkanyaga mguu.

Zoro akatoweka. Brook akatoweka. Binti alikuwa amesimama, mkate mkononi, hali. Chopper alipokwenda akalia waziwazi, kwa hasira, maana Chopper ni wake. Luffy akaguswa, kisiwa kikabaki kitupu, wimbo wa mwisho ukaanza.

"Huyo jitu," alisema, "akija kuuawa mniite. Hata kama nimelala, mniamshe nione."

Kaka yake alinitazama, macho yamemjaa maji. Mimi nikaanza kukusanya vikombe.