Uhalifu umezidi, au ni hofu?

Polisi wanasema uhalifu umeshuka, lakini mtaani kwetu tunalala roho mkononi. Nani mwongo?

Huenda hakuna. Polisi hawahesabu uhalifu, wanahesabu majalada. Kijana anapokonywa simu dirishani mwa basi, anapiga kelele, abiria wanampa pole, safari inaendelea. Kituoni haendi, anajua simu hairudi. Vitabuni siku hiyo ilikuwa shwari. Ndiyo maana Marekani, tangu 1973, kuna utafiti unaopita kwenye kaya kuuliza watu wametendewa nini, waliripoti au hawakuripoti. Kila mara hukuta matukio mengi, zaidi ya nusu, hayakufika polisi.

Takwimu zinaweza kupikwa?

Zinaweza, ila kupika ni kazi. Rahisi zaidi ni kutoandika. Mwaka 2014 ukaguzi wa polisi wa Uingereza na Wales uligundua kuwa karibu asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakurekodiwa, na kwa makosa ya kingono ilikuwa zaidi ya robo. Hao ni watu waliokwenda kulalamika! Mwaka huohuo takwimu za polisi zikavuliwa hadhi ya takwimu za taifa. Kisha askari wakibanwa waandike kila kitu, namba hupanda ghafla, na magazeti hutangaza wimbi la uhalifu wakati kilichobadilika ni kalamu.

Niamini ipi basi?

Mauaji kwanza, maana maiti haifichiki kirahisi. Wizi wa magari pia: bima hailipi bila karatasi ya polisi. Kwenye ubakaji na vipigo vya nyumbani uwe mwangalifu. Namba ikipanda, pengine ni waathirika waliopata ujasiri wa kusema.

Mbona wengi tunaona hali inazidi kuwa mbaya hata inapopungua?

Gallup, shirika la kura za maoni, huwauliza Wamarekani swali hilo, na karibu kila mwaka tangu miaka ya 1990 wengi hujibu kwamba uhalifu nchini umeongezeka. Kumbe kati ya 1993 na 2022 ule wa kutumia nguvu ulipungua kwa karibu nusu. Ukiwauliza kuhusu mtaa wao wenyewe, wanaosema umeongezeka ni wachache zaidi. Mtaa wao wanaupita kwa miguu, nchi wanaiona kwenye simu, ambako video ya mauaji moja huletwa na makundi matatu kwa siku moja. Lakini nisiwacheke wenye hofu: mwaka 2020 mauaji nchini humo yalipanda karibu asilimia 30, na waliosema hali imeharibika walikuwa sahihi.

Nimeibiwa baiskeli. Kuna faida kuripoti?

Baiskeli yenyewe usiitegemee sana. Ripoti hata hivyo, na usitoke kituoni bila namba ya jalada. Ukiambiwa "tutakupigia" bila namba, ujue bado hujaibiwa.