Japani na Korea Kusini kwa likizo moja: hesabu usiku kabla ya nchi

Dada mmoja wa Mwanza ameandika kwamba amepata ruhusa ya wiki mbili kazini na anataka Tokyo, Kyoto na Seoul kwa mpigo, "si ziko jirani tu?" Ziko jirani kweli. Tokyo hadi Seoul ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi angani, na nchi zote mbili zinafuata saa moja, saa sita mbele ya Afrika Mashariki. Ila ujirani huo unamfaa zaidi ndugu yako mwenye pasipoti ya Uingereza au Marekani, anayeingia huku na huku bila kuomba viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda ana viza mbili za kuomba, balozi mbili za kuridhisha, na pasipoti moja ya kuwapelekea. Uamuzi uko hapo, wala si kwenye ramani.

Kabla ya ubalozi, hesabu usiku. Wiki mbili za kazi ukiongeza Jumamosi na Jumapili za mwanzo na za mwisho zinakupa siku 16. Ukiondoka Jumamosi kwa kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai, utaingia Tokyo Jumapili, mara nyingi giza limeshaingia, maana zile saa sita zinakula mchana wako. Kurudi nako, ondoka Jumamosi, fika nyumbani Jumapili. Zinabaki usiku 13 za kulala kitandani. Siku mbili za mwanzo mwili hautaelewa ratiba: saa tisa usiku macho kodo, saa nane mchana unasinzia kwenye treni.

Kwa usiku 13, nchi mbili zinawezekana: Tokyo tano, Kyoto nne, Seoul nne. Zikiwa chini ya 12, chagua moja. Najua wengi hawapendi kusikia hivyo, hasa aliyekwisha kuwatangazia wenzake ofisini, lakini siku ya kuhama nchi si safari ya saa mbili. Itazame kwa karibu. Hoteli nyingi za Japani zinataka chumba chao saa nne au saa tano asubuhi. Treni ya Haruka kutoka Kyoto hadi uwanja wa ndege wa Kansai, karibu na Osaka, inachukua saa moja na robo hivi, uwanjani ufike saa mbili kabla, ndege yenyewe karibu saa mbili, kisha foleni ya uhamiaji na treni ya kuingia mjini. Unafungua mlango wa chumba Seoul jioni, na ulichokiona siku nzima ni mabegi yako.

Kiwanja unachochagua kinaweza kuokoa sehemu ya siku hiyo. Narita iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, Incheon kama 50 kutoka Seoul. Haneda ya Tokyo na Gimpo ya Seoul ziko ndani ya miji. Ukihama kutoka Tokyo, tafuta Haneda–Gimpo. Ukihama kutoka Kyoto au Osaka, tafuta Kansai–Gimpo. Tiketi ya bei nafuu zaidi inayoanzia Narita, jumlisha nauli ya treni na muda wake kabla hujaishangilia.

Sasa kosa ninaloliona likirudiwa kila msimu. Mtu anakuta tiketi nzuri ya kwenda na kurudi Tokyo, anailipia, kisha anapanga kwenda Seoul siku nne katikati na kurudi Tokyo kupanda ndege ya nyumbani. Viza ya kawaida ya utalii ya Japani ni ya kuingia mara moja. Ukishatoka kwenda Korea imekwisha kazi, hata kama siku ulizopewa hazijaisha. Ya kuingia mara mbili ipo, ila uieleze na kuiombea tangu mwanzo. Njia nyepesi ni kutorudi: ingia kupitia Tokyo, tokea Seoul. Kwenye tovuti za tiketi usibonyeze kwenda na kurudi. Chagua safari ya miji kadhaa, ujaze Dar es Salaam–Tokyo, halafu Seoul–Dar es Salaam, zote ndani ya tiketi moja. Ndege ya Ethiopian ya Addis Ababa–Narita imekuwa ikipitia Incheon, kwa hiyo mpangilio huo shirika hilo linaumudu bila kukuzungusha. Kipande cha katikati unanunua peke yake, na ukichapishe: mhudumu wa dawati la mizigo hapa nyumbani atakuuliza unatokaje Japani.

Kipande hicho kina mtego wake. Mashirika ya bei nafuu hupima mpaka begi la mkononi. Peach, kwa mfano, huruhusu kilo 7 tu. Lile sanduku la kilo 23 ulilopita nalo bure kutoka Dar lilipie mtandaoni mapema, kwa kuwa dawatini bei hupanda. Na kwa kuwa tiketi ni mbili tofauti, usiweke safari ya Seoul siku moja na ndege ya kurudi nyumbani. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji, wala huna cha kuidai.

Turudi ubalozini. Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali zina balozi zote mbili. Viza ya kuingia mara moja, ya Japani na hata ya Korea, hudumu miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo ukiwahi mno inakufia mkononi, na ukichelewa pasipoti inakwama kwa ubalozi wa kwanza. Peleka Japani wiki kumi hivi kabla ya safari. Pasipoti ikirudi tu, ipeleke Korea. Japani kwanza kwa sababu mbili: ndiyo yenye usiku tisa, na wakikunyima hawapokei kwa kawaida ombi jingine la sababu ileile kabla ya miezi sita. Watataka ratiba ya siku kwa siku yenye jina la hoteli kila usiku. Tarehe za ratiba hiyo zilingane na utakazowaandikia Wakorea, na taarifa ya benki ionyeshe mshahara ukiingia kila mwezi, si fungu kubwa lililotua wiki iliyopita. Tiketi iwe ya kushikiliwa nafasi tu, malipo baada ya viza.

Pasi ya treni ya JR, ile ya mtalii ya kupanda treni za Shirika la Reli la Japani kwa siku kadhaa kwa malipo ya mara moja, achana nayo. Oktoba 2023 ile ya siku saba ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, na kwa njia hii unasafiri umbali mrefu mara moja tu, Tokyo–Kyoto, kwa yeni 14,000 hivi.

Umeme nao ni wa nchi mbili: Japani volti 100 na plagi ya meno mawili bapa, Korea volti 220 na meno mawili ya mviringo. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi kote. Pasi ya nywele ya 220V, Japani itapata vuguvugu tu.

Na kama zimebaki siku kumi viza ya Korea haijatoka, omba pasipoti yako irudi, badili tiketi ya kurudi itokee Osaka, na zile usiku nne za Seoul zigawe humohumo Japani: mbili Hiroshima, mbili Kanazawa.