Kwa mnaoanza dawati la asili ya maneno la kamusi yetu: kisa cha kidahizo (neno linalofafanuliwa) "kedi"

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia rasimu zenu za msamiati wa michezo, herufi K. Nyingi ni safi na nimezipitisha bila kuzigusa. Nilipofika kwenye "kedi", yule anayembebea mchezaji wa gofu begi lake la fimbo, nikaweka kalamu chini. Sehemu ya asili imeandikwa kwamba neno lilianza pale Malkia Mary wa Scotland aliporudi kutoka Ufaransa na vijana wa kijeshi, akawa anawatumia kubebea fimbo zake. Mwaka neno lilipoandikwa mara ya kwanza haupo, wala kadi ya mfano, yaani sentensi iliyonakiliwa kutoka kwenye maandishi. Yupo malkia tu, na malkia akishaingia kwenye kidahizo kumtoa ni kazi.

Aliyeandika simtaji. Na kwa nini sina uso wa kumgombeza, mtaona mbele.

1. Panga maana kwa miaka kabla hujasimulia lolote.

Neno la Kiskoti ni caddie, zamani likiandikwa pia cadie. Katika maandishi linaonekana miaka ya 1630, na wakati huo halina fimbo wala shimo. Maana yake ni ile ile ya cadet ya Kifaransa: kijana wa ukoo wenye jina, mara nyingi mtoto wa kiume asiye wa kwanza, anayeingia jeshini bila cheo akingoja nafasi ipatikane. Karne ya 18 linateremka mtaani na kuwa kijana wa kutumwa mjini Edinburgh, mji mkuu wa Scotland. Wakati huo huo linaweza kumaanisha jamaa yeyote tu: Robert Burns, mshairi wa Scotland, katika shairi lililochapwa mwaka 1786, anamwita cadie Charles Fox, mwanasiasa wa Bunge la London, ambaye kwa umri alikuwa amekaribia miaka 40 na hajawahi kutumwa sokoni na mtu. Maana ya gofu ndiyo iliyokuja nyuma ya wenzake na kurithi nyumba nzima.

Sasa mwekeni malkia kwenye mstari huo. Alizaliwa 1542, akapelekwa Ufaransa 1548 akiwa mtoto, akarudi 1561, akakatwa kichwa 1587. Kati ya kifo chake na neno letu kuandikwa pana karibu nusu karne. Kwamba alicheza gofu, habari hiyo imetoka kwa mahasimu wake, waliotaka kuonyesha kwamba alikuwa anajiburudisha mumewe akiwa ndiyo kwanza kazikwa. Fimbo zilibebwa na nani, hawakusema.

2. Usiseme "inajulikana".

Hapa nitakaa kidogo, maana pananihusu. Nilipokuwa mgeni kama nyinyi nilipewa nafasi ya kuwasilisha kwenye semina kuhusu maneno ya michezo yaliyoingia Kiswahili. Nilikuwa na shati jipya na makala ambayo nilidhani itanitoa. Mpira wa miguu niliupitisha mbio, ndondi vivyo hivyo, mpaka nikafika kwenye gofu, nikamtoa malkia wangu. Jamani, nilimsimulia! Nilimvisha gauni, nikampanga na vijana wake nyuma wamebeba fimbo, nikaigiza mpaka matamshi ya Kifaransa nisiyoyajua. Watu walicheka pale nilipotaka wacheke. Nikajiona nimefika.

Safu ya mbele alikuwepo mzee mmoja, mhariri mstaafu wa kamusi, mtu wa sauti ya chini. Akanyoosha mkono. "Mwanangu, hongera. Huyo malkia alikufa lini?" Nikamjibu; mwaka huo niliujua. "Na neno lako limeandikwa mara ya kwanza lini?" Nikapekua karatasi zangu kana kwamba jibu lilikuwemo. Halikuwemo. Badala ya kusema sijui, neno fupi ambalo lingeniokoa, nikasema: "Mzee, hili inajulikana."

Akauliza, kwa upole ule ule: "Na nani?"

Sikuwa na jibu. Ukimya ule niliusikia mpaka masikio yakapata moto. Mwenyekiti akatuokoa kwa kutangaza chai, na kwenye foleni ya chai nikapata jina jipya. Wenzangu waliniita Mwalimu Inajulikana, wengine wananiita hivyo hadi leo, na nyinyi mliokuwa mkidhani ni sifa sasa mmepata asili yake, tena yenye chanzo.

Hilo lingeisha kwa kicheko. Tatizo ni kwamba makala yenyewe ilikuwa imeshatolewa nakala na kugawiwa mlangoni, sikuiandikia masahihisho, nikatumaini itajifia. Haikufa. Rasimu ya wiki hii, ile ya malkia, ina tanbihi. Nimeifuata tanbihi. Chanzo ni mimi.

3. Sikiliza neno kabla ya kulisoma. Mfaransa hatamki ile t ya mwisho ya cadet. Mskoti akaandika alichosikia, akapata caddie, na Mwingereza akaandika alichoona, akabaki na cadet. Sisi tumekopa mara mbili bila kujua: kadeti wa jeshini na kedi wa uwanjani ni neno moja. Na ukipanda juu zaidi unakuta capdet, yaani mkuu, katika Kigaskoni, lugha ya Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kutoka kwenye neno la Kilatini la kichwa, ambako wametoka pia kapteni na chifu. Watoto wa pili wa koo za Gascony walikwenda kutumikia jeshi la mfalme na jina lao. Jina la ukubwa likaishia kuwa la wadogo. Andikeni uhusiano huo kwa marejeo mtambuka, kila kidahizo kimwelekeze msomaji kwa mwenzake, msiurundike wote chini ya kidahizo kimoja.

4. Mwone mtu aliyeitwa hivyo.

Edinburgh ya karne ya 18 ilikuwa mji wa majumba marefu yaliyobanana juu ya mgongo wa kilima, ngazi za giza na vichochoro vinavyofanana. Mgeni alipotea kabla hajafika alikokwenda, hivyo alimkodi cadie. Cadie alijua nani anaishi ghorofa ya ngapi, na nani amewasili mjini jana na kafikia wapi. Alipeleka barua na fedha, aliuza magazeti, na wapo waliopandisha maji ngazini kwa mapipa mgongoni. Edward Burt, Mwingereza ambaye barua zake zilichapwa 1754, aliwakuta wamevaa matambara, usiku wanalala ngazini na barabarani, na bado watu wanawaamini na vitu vya thamani. Walikuwa na mkuu wao, konstebo wa macadie, na aliyezembea alitozwa faini. Mara nyingi faini yenyewe ilikuwa bia na brandi, mara nyingine viboko. Nilipolisoma hilo niliwaza dawati letu likiwa na konstebo. Bajeti ya bia ingetushinda.

Mkishamwona mtu huyo, mtaelewa kilichohamia uwanjani. Mchezaji hakumtaka punda wa begi, alimtaka mtu anayejua njia. Fasili nyingi mlizoniletea zinaishia kwenye "anayebeba". Ongezeni "na kumshauri".

5. Kopo la majani ya chai linaloitwa caddy kwa Kiingereza ni homonimu, yaani neno lenye sauti ile ile lakini asili nyingine: limetoka kwenye neno la Kimalei "kati", kipimo cha uzito. Kidahizo chake kikae peke yake. Na yule aliyependekeza udugu na "kadhi", tafadhali apumzike.

6. Tusi lina asili pia, msiliruke kwa adabu. Uingereza walikata caddie ikabaki cad. Katika karne ya 19 wanafunzi wa shule ya Eton na chuo kikuu cha Oxford waliwaita hivyo watu wa mji waliowatumikia, na baadaye cad akawa mwanamume asiye na uungwana. Kosa la wale watu lilikuwa kutozaliwa upande wa wanaotuma. Mwekeeni alama ya "dharau" na muda wake.

7. Futeni "kijana" kwenye fasili ya kedi. Nendeni uwanja wowote wa gofu Nairobi au Dar es Salaam, mtamkuta mzee mwenye wajukuu anapima upepo na kuchagua fimbo, na anayepiga mpira ndiye mtoto. Umri neno hili liliuacha Edinburgh.

Rasimu mpya nizipate kabla hatujaanza L. Ile tanbihi iacheni, nitaiondoa mwenyewe.