Jiko la sahani nne kwenye plagi ya 13A? Ngoja nikusimulie yangu

Mkuu, umesema umenunua jiko la umeme la mtumba, sahani nne na oveni, limekuja na waya mtupu, na fundi anataka akufungie plagi ya pini tatu. Usimruhusu. Mimi wa kwangu nilimruhusu.

Ilikuwa Tabata, nyumba ya kupanga. Miezi miwili mambo shwari, maana mama watoto alikuwa anawasha sahani moja, mbili basi. Siku ya Idi zikawaka zote, na oveni juu yake. Ikaanza harufu kama ya samaki aliyeoza, tukamlaumu jirani na takataka zake. Kumbe ni plagi inaungua! Nikazima meni swichi, navuta plagi, haitoki. Imegandana na soketi.

Kuja kuifungua, pini ya moto (ile inayoleta umeme) imekuwa kahawia na skrubu yake inacheza. Fyuzi hakuna. Fundi alizungushia ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nilipomuuliza akanijibu, "Bosi, fyuzi ilikuwa inakatakata."

Sasa angalia kibandiko nyuma ya jiko lako. Langu liliandikwa 7,200W. Gawanya kwa 230, yaani volti za umeme wa nyumbani, unapata kama 31A (A ni ampea, kipimo cha mkondo wa umeme). Plagi ya pini tatu mwisho wake ni 13A, karibu 3,000W. Na usidhani fyuzi halali huokoa haraka kila mara: fyuzi ya 13 haikatiki ukigusa 14, inaweza kubeba hata 20 kwa nusu saa. Muda wote huo joto linajazana kwenye skrubu iliyolegea na kwenye soketi iliyochoka.

Mdau hapo juu kashauri ekstensheni nene. Ndugu yangu, hiyo nayo si inaishia kwenye plagi ileile ya 13A?

Jiko kama hilo linataka laini yake peke yake kutoka kwenye breka: waya wa 6mm² (umbali ukiwa mkubwa, 10), breka ya 32A, na ile swichi kubwa ya jiko ya 45A ukutani. Waya unaingia humo moja kwa moja, plagi haipo. Athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) lazima, jiko ni bati tupu. Hita ya kuogea ya 5,500W ni hivyohivyo, inakula 24A, nayo ipewe laini yake.

Pasi na birika la umeme hazina shida kwenye plagi. Ila ukiigusa plagi ukakuta imechemka, badilisha soketi. Na ule mchezo wa kuchokonoa tundu la athi kwa kalamu ili pini mbili za mviringo ziingie, acha kabisa.

Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla ya kununua waya. Wangu alikataa ukuta wake usichimbwe. Nikauza jiko, nikachukua la sahani mbili la 2,500W. Pilau la Idi siku hizi linapikwa kwa mkaa.