Mtoto akiishiwa damu, uliza ya miezi iliyopita

Ninyi mnaoanza wodi ya watoto, mtampokea mtoto aliyepauka, mwenye michubuko ambayo mama haelewi imetoka wapi na homa isiyoshuka. Picha ya damu inarudi: chembe nyekundu, nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu, zote ziko chini. Wengi huuliza tu homa imeanza lini. Mimi pia nilifanya hivyo, mpaka nilipojifunza swali jingine: miezi miwili mitatu iliyopita, macho yake yaliwahi kuwa ya njano?

Wapo watoto ambao uboho, unaozaa damu ndani ya mifupa, hukauka (anemia ya aplastiki) baada ya homa ya ini, ile inayofanya macho yawe ya njano, mara nyingi ini lenyewe likiwa limeshapona. Mama hayaunganishi mambo hayo mawili, hivyo usipouliza hatakwambia. Vipimo vya homa ya ini A, B na C kwa kawaida havioni kitu. Kirusi kinachodhaniwa kuileta hakijatambuliwa. Inavyoelekea, kinga iliyoamshwa na ugonjwa ule huugeukia uboho, na seli T za kinga hushambulia seli shina zinazozaa damu. Ndiyo maana dawa za kutuliza kinga, kama siklosporini, humsaidia mtoto asiye na ndugu wa kumchangia uboho. Pimeni pia virusi vya Epstein-Barr, saitomegalo na VVU.

Parvo B19, kirusi kinachosimamisha uboho kwa muda, msiichanganye na haya. Mtoto mwenye selimundu akiipata, himoglobini huporomoka, lakini chembe nyeupe na sahani kwa kawaida hazianguki hivyo, na uboho huamka tena baada ya siku chache.

Nawasihi jambo moja: msimwambie mzazi "ni virusi" siku ya kwanza. Watoto wengi hawapatikani chanzo kabisa. Wengine wana anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha uboho, hata bila dalili zake za kidole gumba chenye kasoro wala kimo kifupi; kipimo cha kuvunjika kwa kromosomu kifanywe, kwa sababu dozi za kawaida za kumwandaa mtoto kupandikizwa uboho zinaweza kumuua. Wala msianze dawa za steroidi kabla uboho wa nyonga haujachunguzwa, zisije zikaficha saratani ya damu.

Mama atawauliza kama wadogo wa mtoto wataambukizwa ugonjwa huu wa uboho. Mjibuni palepale, kabla hajaanza kuwatenga: hauambukizi.